Kabla ya Kuongeza Gesi, Itazame Koili ya Nje ya Kiyoyozi



Katika kata zetu za mwambao, kiyoyozi hakitumiki kwa starehe pekee. Mwenye duka la dawa hukitegemea ili joto la chumba lisizidi nyuzijoto 30, kwa kuwa dawa nyingi huagizwa zihifadhiwe chini ya kiwango hicho. Kiyoyozi kinapopoteza ubaridi, husemwa upesi kuwa gesi imekwisha. Kauli hiyo yafaa kuchunguzwa. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama mafuta ya gari; huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikiwa imepungua, pana mahali inapovuja. Ikiwa haijapungua, huenda kasoro ni uchafu wa koili ya nje.

Koili hiyo, yaani kondensa, kwa kawaida ni bomba la shaba lililopitishwa katikati ya mapezi membamba ya alumini. Gesi huchukua joto chumbani, kompresa huisukuma hadi kwenye koili, na feni hulitoa joto hilo nje. Vumbi, majani na chumvi ya bahari vikiziba mapezi, joto hukosa pa kutokea. Kompresa huelemewa, uniti za umeme huisha haraka, na hatimaye kompresa yenyewe huweza kuungua.

Namna ya kusafisha

1. Zima umeme kwenye swichi kuu ya kiyoyozi, si kwa rimoti pekee. Usifungue kisanduku cha nyaya.
2. Ondoa majani, kisha sugua kwa brashi laini ukifuata mwelekeo wa mapezi.
3. Mwagia maji safi taratibu kwa mpira. Mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi.
4. Acha kifaa kikauke ndipo uwashe.

Karibu na bahari, suuza kila mwezi. Kwingineko, kila baada ya miezi 3. Usianike nguo wala kupanga magunia mbele ya feni. Kifaa kikiwa ghorofani au juu ya paa, mwachie fundi.

Wakati wa kubadilisha

Madoa ya mafuta kwenye koili ni dalili ya uvujaji. Tundu moja kwenye kiungo huweza kuchomelewa. Lakini mapezi yakimong'onyoka na bomba likiliwa na chumvi mahali pengi, koili ibadilishwe. Mwite fundi wa majokofu na viyoyozi aliyepata mafunzo, mathalani ya VETA, nawe uhakikishe mambo manne: gesi ya zamani inavutwa na kuhifadhiwa kwenye mtungi, wala haiachiliwi hewani, viungo vinapimwa uvujaji kwa naitrojeni, hewa na unyevu vinaondolewa kwa pampu, na gesi mpya inapimwa kwa mizani, ikiwa ya aina na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha kifaa.

Masharti haya yana sababu. Gesi ya R-22 huharibu tabaka la ozoni. R-410A huipasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. R-32 nayo huweza kushika moto.

Fundi akitaka kuongeza gesi kila mwaka, mwulize kwanza: "Inavuja wapi?" Usipoziba ufa, utajenga ukuta.