Weldi ya Bamba la Boriti: Q ni ya Nani?

Ndugu zangu mnaosoma uhandisi, leo tuchukue boriti ya chuma iliyoongezwa nguvu kwa bamba. Kanuni tunaijua kwa kichwa, lakini ukiuliza weldi pale inafanya kazi gani hasa, wengi kimya.

Laza mbao mbili juu ya mtaro, moja juu ya nyingine, halafu simama katikati. Kila ubao unapinda kivyake, na kwenye ncha utaona mmoja umeteleza juu ya mwenzake. Weldi inazuia kuteleza huko. Kipimo chake ni mtiririko wa nguvu ya kukata, q = VQ/I, yaani nguvu kwa kila milimita ya urefu wa boriti.

Haya, boriti yetu ni UB 406×178×60 ya Uingereza: kina mm 406.4, I yake cm⁴ 21,600. Tunachomelea bamba la mm 150×12 juu, na jingine chini. Bamba moja lina eneo la cm² 18, na kitovu chake kiko cm 20.92 kutoka katikati ya boriti. Basi I mpya ni 21,600 + 2×18×20.92², karibu cm⁴ 37,360.

Sasa Q. Hapa ndipo watu wanapotea! Q ni ya kile tu kinachoshikiliwa na weldi, yaani bamba moja: 18×20.92 = cm³ 377. Usiingize nusu ya boriti. I ndiyo ya umbo zima. V ikiwa kN 200, q inakuwa N 202 kwa mm. Bamba lina weldi kila upande, kwa hiyo kila weldi inapata N 101.

Weldi ya pembe yenye mguu wa mm 6 ina koo la mm 4.2. Kwa chuma cha S275, Eurocode 3 inakupa karibu N 220 kwa mm², sawa na N 924 kwa kila mm ya weldi. Mara tisa ya tunachohitaji! Mtu anafunga daftari anaenda kunywa chai.

Ngoja kwanza. VQ/I inaeleza jinsi nguvu ya bamba inavyoongezeka kidogo kidogo. Lakini bamba fupi linaloanza kuhitajika pale momenti ilipofika kNm 250 linatakiwa papo hapo liwe na MQ/I, yaani kN 252. Nguvu hiyo itaingilia wapi? Kwenye ncha. 252,000 ÷ (2×924) ni mm 136, kwa hiyo bamba lipite mahali hapo kwa urefu huo angalau. Mimi ningepitisha 200, na weldi ya ncha iwe mfululizo, hata kama katikati umechomelea vipande vipande.

Na kama boriti tayari imebeba sakafu, bamba halitabeba uzito huo wa zamani mpaka uinue boriti kwa jeki kabla ya kuchomelea. Usipoinua, V na M za kupimia weldi ni za mzigo unaokuja baadaye tu, na boriti yenyewe inabaki na mkazo wake wa mwanzo, ambao lazima uujumlishe.