Je, kuna jeni ya kucheua?

Swali: Daktari, nafuga ng'ombe na nguruwe hapa pembeni mwa Bunia. Wote wanakula majani, ila ng'ombe peke yake ndiye anayecheua. Ni jeni gani inayomfanya hivyo?

Jibu: Mama, si jeni moja, ni nyingi zinazoshirikiana. Ng'ombe hana uwezo wa kuvunja nyuzi za nyasi; wanaozivunja ni bakteria wa tumbo lake la kwanza, naye hucheua ili kuwasagia. Kisha, na hapa ndipo panaponishangaza kila mara, huwameng'enya bakteria wenyewe! Hutumia lizozaimu, kimeng'enya ambacho kwetu binadamu hukaa kwenye machozi na mate kuua vijidudu. Kwa wacheuaji, jeni yake ilijinakili mara kadhaa, na baadhi ya nakala hufanya kazi katika tumbo la nne, penye asidi kali.

Okapi wa msitu wetu wa Ituri naye hucheua. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2016 pamoja na ya twiga, na Morris Agaba wa Arusha akiwa mmoja wa watafiti.

Ng'ombe wako akiacha kucheua, mama, usingoje kesho: mwite daktari wa mifugo.