Somo la Afya: Mgonjwa wa Saratani Anapokonda, Damu Inasema Nini?



Siku moja nilitembelea boma ambapo mzee alikuwa na saratani ya tumbo. Alikuwa amekonda sana. Watu wa ukoo walimlaumu mkewe: "Huyu mama hampi mzee chakula." Mama alilia tu. Uji ulikuwepo, maziwa yalikuwepo, na mzee alikula kadiri alivyoweza. Bado nyama ya mwili ilizidi kuisha. Somo la leo ni la kumtetea mama huyo.

Kwa nini anakonda?

Kukonda kwa njaa na kukonda kwa saratani si kitu kimoja. Mwenye njaa akipata chakula hunenepa tena. Kwa saratani, mwili hutoa kemikali zinazovunja misuli na kupunguza hamu ya kula. Hali hii huitwa kakeksia. Chakula husaidia, lakini peke yake hakiwezi kurudisha yote.

Je, damu yaweza kuonyesha mapema?

(a) CRP. Protini hii hupanda mwili unapopigana na ugonjwa. Lakini hata malaria huipandisha.

(b) Kreatinini. Hii ni taka inayotoka kwenye misuli. Misuli ikipungua, nayo hushuka. Lakini figo zikiwa mbovu hupanda, basi upungufu wa misuli unafichika.

(c) GDF-15. Protini hii ikiwa nyingi huenda ubongoni na kuzima hamu ya kula. Utafiti wa mwaka 2024 ulihusu wagonjwa 187 wa saratani ya mapafu, kongosho au utumbo mpana, wote wakiwa na GDF-15 nyingi. Waliopewa dawa ya kuizuia waliongeza uzito kwa wiki 12 kuliko wale ambao hawakuipata.

Hilo linatia moyo. Hata hivyo hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotosha. Mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya alama rahisi: kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito katika miezi 6 bila kukusudia. Yaani aliyekuwa kilo 60 ashuke chini ya 57. Kwa aliye mwembamba tayari, zaidi ya asilimia 2 inatosha kutushtua.

Kazi ya kikundi

1. Mpimeni mgonjwa kila wiki mbili, mizani ile ile, nguo nyepesi. Andikeni kwa daftari pamoja na tarehe.
2. Miguu au tumbo likijaa maji, mizani itadanganya. Andikeni hilo pia.
3. Pelekeni daftari kliniki mapema, msingoje mgonjwa ashindwe kusimama. Mwambieni daktari kama ana maumivu, kichefuchefu, vidonda mdomoni au choo kigumu. Hayo yanatibika, na huzuia kula.
4. Mpeni chakula kidogo kidogo mara nyingi: uji wa maziwa, mayai, njugu zilizosagwa. Msimlazimishe.
5. Akiweza, atembee kidogo uani kila siku.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kijiji chetu, mgonjwa akikonda tunamlaumu nani?
- Nani kati yetu ataweka daftari, na mizani iko wapi?
- Tumwambie nini yule mama aliyelia?