Dondoo muhimu: Mikono ya valvu ya garimoshi dogo la mvuke

Reli ilifika Arusha mwaka 1929, ila garimoshi namba 5903 lililobeba jina la Mlima Meru ulio jirani na mji huo lilikuwa la njia ya Mombasa–Nairobi. Mwenzake, 5918 Mount Gelai, yupo Makumbusho ya Reli Nairobi. Kapige picha za mikono yake ya valvu, ya mtindo wa Walschaerts, kabla hujagusa tupa.

Mikono ya garimoshi lako dogo ianze na kadibodi. Kwa reli yenye upana wa milimita 45, punguza vipimo mara 22 hivi. Bana vipande ubaoni kwa pini, zungusha gurudumu kwa mkono, uone kipi kinagonga wapi.

Toboa kwanza, umbo baadaye. Mkono wa kushoto na wa kulia ubane pamoja kwenye jiriwa, utoboe kwa mkupuo mmoja ili umbali wa matundu ulingane. Toboa dogo, malizia na rima. Bushi za bronzi wape mafundi wa kukereza pale Unga Limited, Arusha; mwenye mashine nzuri hazimsumbui.

Kazi iko kwenye kiungo chenye mfuo wa upinde. Nusu kipenyo cha upinde iwe sawa na urefu wa mkono unaoshika kitelezi, pini hadi pini. Kuujaribu upinde huo, sogeza pistoni hadi mwisho wa mwendo wake, kisha pandisha na kushusha kitelezi mfuoni. Valvu ikitikisika, kuna kipimo kilichokosewa: rudi kwenye mchoro.

Mvuke usubiri. Kompresa ya fundi pancha inatosha kwa jaribio la kwanza. Anza na presha ndogo.