Motokaa Isiyotaka Kuwaka: Sikiliza Kabla ya Kutoa Fedha

Mkulima aliyechuma nyanya jioni na kuzipakia alfajiri hana nafasi ya kungoja. Motokaa ikikataa kuwaka, jua hupanda, nyanya hulainika ndani ya matenga, na mnunuzi kule Mombo huchukua za mwingine. Katika wasiwasi huo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Mimi mwenyewe, huku Lushoto, asubuhi moja ya baridi niliambiwa na fundi ya kuwa stata imekufa. Nikanunua nyingine, ikafungwa, wala motokaa haikuwaka. Kisha kijana mmoja mpakiaji akashika waya mnene wa betri, nao ukazunguka mkononi mwake kwa kulegea. Ukakazwa kwa spana moja, injini ikaunguruma mara hiyo. Lakini nyanya zilikuwa zimekwisha kosa soko. Tangu siku ile nafundisha hivi: sikio litangulie mkono, na mkono utangulie mfuko.

1. Mambo madogo kwanza

Vuta breki ya mkono, uweke gia huru. Motokaa ya gia za kujibadili yenyewe haiwaki ila mkono wa gia uwe kwenye P au N. Hakikisha mafuta yamo. Kipimo chaweza kudanganya, hasa motokaa ikiwa imesimama mlimani.

2. Geuza ufunguo, usikilize

(a) Kimya kabisa, na taa haziwaki: betri imekwisha, au waya wake umelegea au kukatika.
(b) Tiki-tiki-tiki, na taa zafifia: betri ni dhaifu, au vichwa vyake ni vichafu.
(c) Mlio mmoja mzito, na taa zabaki na nuru: shuku stata au nyaya zake.
(d) Injini yazunguka kwa nguvu lakini haishiki: betri na stata hazina kosa. Shida iko katika mafuta au cheche.

Mtu aliyesikia (d) akaenda kununua betri ni sawa na mwenye kutia mbolea shamba lililokosa maji.

3. Ikiwa kosa ni la umeme

Tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, hiyo ni kutu izuiayo umeme. Zima kila kitu, ufungue kwanza waya wa alama ya kutoa (–), kisha ule wa kujumlisha (+). Ukianza na (+), spana yaweza kugusa bodi ikatoa cheche kali. Sugua kwa brashi na maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Suuza, kausha, kaza barabara, upake grisi. Wakati wa kurudisha, anza na (+), umalize na (–).

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6 katika kipimo. Ikiwa chini ya 12, yahitaji kuchajiwa. Baridi huipunguzia nguvu, ndiyo maana taabu hii huzidi hapa milimani mwezi wa Juni na Julai. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu nayo, maana hutoa hewa iwezayo kulipuka, na maji yake huunguza macho na ngozi.

4. Ikiwa injini yazunguka bila kushika

Usishike ufunguo zaidi ya sekunde 10. Pumzisha stata kidogo ndipo ujaribu tena, usije ukaiunguza na kuimaliza betri iliyokuwa nzima.

Motokaa ya petroli: katika nyingi za sasa, ukifungua swichi bila kuwasha, pampu ya mafuta husikika ikivuma kidogo upande wa tangi. Kama haisikiki, tazama fyuzi yake. Kama yavuma, yafaa plagi zikaguliwe: zikiwa zimelowa petroli au zina masizi, zisafishwe au zibadilishwe.

Motokaa ya dizeli haitumii cheche. Wakati wa baridi ngoja taa ya plagi za kupashia moto izimike ndipo uwashe. Ikiwa mafuta yaliisha kabisa, hewa imeingia mabombani. Kama chujio lina pampu ya mkono, bonyeza mpaka iwe ngumu. Tena fungua kizibo cha chini cha chujio, uyatoe maji yaliyotuama.

5. Kazi ya jioni

Kila mwezi shika nyaya za betri kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, uone kama zacheza. Siku ya kuamkia soko, washa motokaa jioni, wakati fundi angali akipatikana.

Ukishindwa, mwite fundi bila kuona haya, lakini mweleze ulichosikia: kimya, tiki-tiki, mlio mmoja, au kuzunguka bila kushika. Naye akikuambia ununue kitu kipya, mwombe kwanza akuonyeshe ubovu wa kile cha zamani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na waya uliolegea ni ufa uzibwao kwa spana moja.