Chumvi ya Nyumbani: Kijitabu cha Familia za Kericho na Bomet

Nyumba nyingi za huku kwetu zina chakula kizuri hatua chache kutoka mlangoni. Managu na saga ziko shambani, viazi na ndizi pia, maziwa yanatoka kwa ng'ombe wa hapo hapo, na mursik inangoja kwenye sotet. Vyote hivyo vinapotoka shambani au bomani vina chumvi kidogo mno. Chumvi nyingi tunayokula tunaitia wenyewe, kwa mkono wetu, ndani ya sufuria yetu. Ndiyo maana kijitabu hiki kimeandikiwa yule anayepika, awe mama, baba, kogo au kijana aliyetoka shule: kupunguza chumvi kuko ndani ya uwezo wake kuliko wa daktari yeyote.

Chumvi na presha

Chumvi ikizidi, mwili huzuia maji ili kuizimua. Damu huongezeka kwenye mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mtu hasikii maumivu yoyote. Miaka inapita, mishipa inakakamaa, na siku moja familia inaamka na kukuta mzee amepooza upande mmoja, au inaambiwa figo zimechoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii, majirani zetu, alichapisha vipimo vya watu 1,000 hivi. Presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka, tofauti na watu wa Ulaya. Miaka mingi baadaye, watafiti waliwafuata Waluo waliohama vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Presha za waliohama zilipanda mapema, baada ya muda mfupi tu mjini, na mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi kuliko wa wenzao waliobaki nyumbani, huku potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika mboga, maharagwe, viazi na ndizi, ikiwa kidogo. Damu ni ile ile na ukoo ni ule ule. Maisha na sahani ndivyo vilivyobadilika. Anayetoka kijijini kwenda kuishi kwenye laini za shamba la chai, akaacha mboga za nyumbani kwa mkate na mchuzi wa pakiti, anafuata njia hiyo hiyo.

Andika tarehe kwenye pakiti

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Watoto wapate pungufu ya hapo. Lakini nani atapima gramu wakati ugali unaungua? Fanya hivi: siku unayofungua pakiti ya chumvi, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu watano, hata tukihesabu kila mmoja kama mtu mzima, isimalize nusu kilo kabla ya siku 20. Ikidumu mwezi, ni vizuri zaidi, kwa sababu mkate na mandazi ya dukani vina chumvi yake. Ikiisha kwa siku kumi, mmejua mko wapi.

Mboga hutiwa chumvi mara ngapi?

Angalia sufuria ya managu. Inachemshwa, inatiwa chumvi. Inakaangwa kwa kitunguu, inatiwa tena. Kisha unga wa mchuzi wa pakiti, ambao nao umejaa chumvi, na mezani mtu ananyunyizia kabla hata hajaonja. Tia mara moja tu, mwishoni, kwa kijiko wala si kwa kiganja. Uchungu wa managu na saga tunajua dawa yake tangu kwa kogo zetu: maziwa au malai, mboga ilale usiku mmoja, ipashwe asubuhi. Dhania, kitunguu saumu, nyanya na ndimu husaidia sana. Punguza polepole, baada ya wiki chache ulimi huzoea, na chakula cha zamani kitaonekana cha chumvi kupita kiasi.

Magadi ndiyo inayotuponyoka. Wengi waliopunguza chumvi bado wanaitia kwenye maharagwe na mahindi ili viive haraka, na magadi ina sodiamu, kitu kile kile kinachotutia hofu kwenye chumvi. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Kuni hupungua pia.

Na pale kwenye nyama choma, ule mlima mdogo wa chumvi kwenye kona ya ubao uondolewe. Weka kachumbari yenye ndimu mahali pake.

Usiache chumvi yenye madini joto

Chumvi ya dukani nchini Kenya hutiwa madini joto, ambayo huzuia uvimbe wa tezi shingoni na husaidia ubongo wa mtoto kukua tangu tumboni. Sehemu za milima kama zetu, mvua huosha madini hayo kutoka kwenye udongo. Basi endelea kutumia chumvi hiyo, kidogo. Usiibadilishe kwa chumvi ya ng'ombe.

Wachuma majani ya chai huuliza kama jasho halihitaji chumvi zaidi. Chumvi iliyo kwenye chakula inatosha. Beba maji ya kunywa.

Pimeni

Mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye kipima presha, nao hupita nyumbani. Zahanati pia hupima. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, nenda kituo cha afya. Mama mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu au uso uliovimba aende siku hiyo hiyo.

Ukipewa dawa za presha, usiziache kwa sababu umepunguza chumvi au unajisikia vizuri. Na ukiona dukani chumvi mbadala yenye potasiamu, muulize daktari kwanza, hasa kama una ugonjwa wa figo.