Herufi Moja Kwenye Jalada la Askari Marehemu

Mzee wa Gehandu akilitamka jina Qwaray, ile q hutoka nyuma kabisa ya koo. Karani wa jeshi aliyekulia mbali na Mbulu anaweza kusikia k, akaandika Kwarai. Askari akiwa hai, hilo halimsumbui: anaitwa, anaitika, na namba yake ya jeshi inamtambulisha. Akishafariki ndipo tofauti hiyo inamwangukia mjane. Cheti cha kifo kinasema Qwaray, jalada linasema Kwarai, naye anaambiwa hao ni watu wawili.

Mama, kosa la namna hiyo linarekebishika. Lakini kuwa mke au mtoto wa marehemu peke yake hakutoshi kudai kwa niaba yake. Anayetakiwa ni msimamizi wa mirathi. Ukoo ukae, uandike muhtasari wa kikao na kumteua mtu. Kama marehemu aliishi kwa mila au kwa sheria ya Kiislamu, mteule aende Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa na makazi ya kudumu, akiwa na cheti cha kifo, ajaze Fomu Na. 1. Mahakama hutoa tangazo, na pasipo pingamizi hutoa barua ya uteuzi, Fomu Na. 4.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tangu Fomu Na. 1, andikeni majina yote: Qwaray, ambaye pia anajulikana kama Kwarai. Mkiliacha hilo, barua ya mahakama yenyewe itakuja na jina lisilolingana na jalada, na mtakuwa mmejiongezea mgogoro mwingine.

Kisha ndugu aliyemfahamu marehemu kabla hajaingia jeshini aape kiapo cha majina mbele ya kamishna wa viapo. Ambatanisheni cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji wa kijiji, na karatasi yoyote yenye namba yake ya jeshi. Mimi naithamini namba hiyo kuliko karatasi nyingine zote: jina linaweza kukosewa mara tatu, namba ni ya mtu mmoja.

Maombi ya kurekebisha jina yaelekezwe kwa Mkuu wa Majeshi, Makao Makuu ya Jeshi. Msikimbilie nauli ya safari ndefu. Anzeni kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, Katesh au Mbulu, ambaye mwenyewe ni mwanajeshi na anaijua njia ya barua hizo. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mkikataliwa, ombeni jibu kwa maandishi, kisha andikeni kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, mradi shauri halijafika mahakamani. Kuomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi wa kuwakatalia kuna ukomo wa miezi 6 tangu uamuzi utolewe, kwa hiyo tarehe ya barua ya kukataliwa ni ya kutunzwa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Jina likishakaa sawa, kuna kosa zito zaidi: mazingira ya kifo. Jalada likisema ugonjwa wa kawaida kwa askari aliyeumia kazini, stahili za familia zinaweza kuguswa. Hapo kiapo cha ndugu ni dhaifu. Zinatakiwa taarifa za hospitali na watu wa kombania yake. Familia za waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, wanajeshi kwa wanamgambo, zinalijua hili kwa uchungu. Wenzao waliorudi sasa ni wazee sana. Kama yupo mmoja kijijini kwenu aliyemwona marehemu akianguka, mpelekeni kwa kamishna wa viapo wiki hii, hata kabla mirathi haijafunguliwa.